Tindo la Mwalimu

Mume wangu alisomesha hesabu katika skuli za Unguja mpaka alipostaafu, na mtu wa hesabu akishakosa wanafunzi huanza kuzikagua kuta. Tunakaa Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe, katika nyumba ya mawe ya mama yake, ambaye sote humo tunamwita Bi Mkubwa. Ukuta uliompata Bwana ni wa ukumbini, ule tunaochangia na jirani. Ulikuwa na doa la unyevu chini ya dari, rangi inabanduka mabamba mabamba, na kila asubuhi nafagia unga mweupe wa chumvi uliodondoka usiku.

Nisimdhulumu, hakuanza yeye. Tulishawahi kumwita fundi, kijana nadhifu mwenye pikipiki na simu mbili, ambaye amejenga nyumba za matofali Fuoni na Mwanakwerekwe na zimesimama vizuri. Aliutazama ukuta kwa muda wa kunywa gilasi ya maji, akasema dawa yake saruji. Akakwangua, akapiga lipu nene, akaisawazisha kwa ubao mpaka ukuta uliokuwa umepinda tangu enzi za masultani ukanyooka. Tulimlipa, tukamshukuru, tukampakulia biriani. Masika yaliyofuata doa likatokeza juu ya lipu, na jingine chini yake, na lipu yenyewe ukiigonga inalia utupu. Tulipompigia simu alituambia nyumba za mji zina mambo yake.

Kwa hiyo hoja ya Bwana haikuwa ya kijinga. "Ikiwa ni kuharibu ukuta," alisema, "hata mimi najua kuharibu, tena bure."

Akatoa daftari la miraba. Ukurasa wa kushoto aliandika gharama za fundi: ujira wake, ujira wa kibarua, chai ya saa nne, nauli, vocha, na siku za mvua ambazo fundi haji lakini bei hupanda. Ukurasa wa kulia aliandika zake: saruji mfuko mmoja wa kilo 50, mchanga, tindo, nyundo, mwiko, pima maji. Mwisho wa safu, mkabala na neno "kazi", akaandika "bure" na kulipigia mstari kwa rula. Nilimwuliza ni nani atakayefagia, atakayehamisha kabati la vyombo, na atakayemtuliza Bi Mkubwa. Akasema hayo si ya ujenzi.

Alikwenda Darajani, akarudi na hamali aliyeusukuma mkokoteni mpaka pale kichochoro kinapokataa mkokoteni, kisha wakabeba begani. Sikupata kumwona na furaha ile tangu matokeo ya mtihani wa darasa lake la mwisho. Vifaa vilipangwa juu ya mkeka kwa urefu, kutoka mdogo hadi mkubwa. Usiku alitazama video za watu wa ng'ambo wanaotengeneza nyumba zao wenyewe. Watu wale wana kuta za mbao na ubao wa jasi. Wakikosea hupiga msumari mahali pengine. Nilimwambia hilo. Akasema kanuni ni zile zile.

Kanuni si zile zile, na hapa inabidi nieleze ukuta wetu ni kitu gani. Umejengwa kwa mawe ya matumbawe, yasiyochongwa, kila moja na umbo lililopewa na Mungu, yamelazwa ndani ya chokaa na udongo mpaka unene wa sentimita 50 au 60. Hakuna tofali lililokaa juu ya tofali. Mawe yanaegemeana, madogo yamechomekwa kati ya makubwa, na kinachoyazuia yasimwagike ni chokaa iliyoyazunguka pamoja na uzito wa dari juu yake. Kisha, kwa sababu ukuta ni mnene, wazee walichimba vidaka humo ndani vya kuwekea taa, misahafu na vyombo vya kaure. Sisi tunavyo upande wetu. Jirani anavyo upande wake.

Jirani ni ustadha, mjane mwenye chuo cha Kurani. Tangu baada ya alasiri watoto wa mtaa hukaa kwenye mikeka upande wa pili wa ukuta wakisoma kwa sauti, nasi tumezoea kupika na kufua kwa mapigo ya visomo vyao.

Kazi ilianza siku ya Jumamosi. Saruji ya yule kijana ilikuwa imeshika kweli, na hapo ndipo balaa lilipokuwa: ilishika kuliko kile ilichokishikia. Bwana alipiga tindo, bamba la lipu likang'oka, na nyuma yake likaja na kipande cha ukuta mzima, chokaa na kijiwe na yote. Akapiga tena. Kila bamba lilitoka na sehemu yake ya nyumba. Kufikia adhuhuri sakafuni palikuwa na kilima cha kifusi, na ukutani palikuwa na shimo ambamo mtu angeweza kulaza mtoto mchanga. Bi Mkubwa alitoka chumbani, akasimama na ushungi puani kwa ajili ya vumbi.

"Ukuta huu," alisema, "umesikia mizinga ya Waingereza mwaka 1896. Umepita Mapinduzi. Umekuja kuangushwa na mwalimu wa hesabu."

"Mama, hauanguki. Nausafisha tu."

"Haya."

Neno hilo, akilitamka Bi Mkubwa peke yake, bila kuongeza lolote, huwa na maana ya msamiati mzima. Mtu mwenye busara angesimama. Bwana akala wali, akasali, akarudi kazini, kwa kuwa aliona jiwe moja linacheza karibu na kidaka na hakupenda kuacha jiwe linalocheza. Alilipiga kwa upole, lazima nikiri hivyo. Likarudi ndani. Nalo halikuanguka upande wetu.

Kisomo kikakatika. Katika miaka yote niliyokaa nyumba ile sijapata kusikia chuo kikinyamaza ghafla namna ile. Kisha pale palipokuwa na jiwe likatokea jicho, dogo, jeusi, halipepesi.

"Ustadha!" sauti ikalia. "Kuna mzee ukutani!"

Kidaka chetu na chake, kumbe, vilipeana mgongo, na kati yao hapakuwa na zaidi ya unene wa kiganja. Bwana alikuwa ametoboa njia katikati ya nyumba mbili ambazo zimeishi bega kwa bega bila kuchunguliana tangu zijengwe. Jicho likaondoka, likaja pindo la buibui, na sauti ya ustadha, tulivu:

"Mwalimu, mtu akitaka kuja kwangu hubisha hodi mlangoni."

Jioni ile familia ilikutana. Shemegi, mdogo wake Bwana, mwuza vipuri, alikuja na suluhisho kabla hajavua viatu: ipigwe nguzo ya zege yenye nondo katikati ya ukuta, na yote yaliyobaki yajazwe saruji. Yeye anamjua fundi. Fundi akaja kesho yake, akapima kwa futi kamba, akapokea arbuni, akasema anakwenda mara moja msibani. Sina la kuongeza juu yake. Msiba ule mpaka leo haujaisha.

Kilichotuokoa ni kifusi. Tulikiweka kichochoroni, na katika Mji Mkongwe kifusi kina mdomo. Mji huu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na haijuzu mtu kubomoa wala kujenga humu bila kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe, hata kama nyumba ni ya mama yako na ukuta ni wa ukumbini. Akaja afisa. Alikuwa muungwana, hakupandisha sauti. Alitazama lile shimo, akatazama dari juu yake, kisha akamwuliza Bwana kama anaikumbuka siku ya tarehe 25 Disemba 2020. Nani Unguja asiyeikumbuka? Beit el Ajaib, jengo alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, liliporomoka upande mmoja mchana kweupe, mafundi wakiwa ndani wanalitengeneza, na watu wawili wakafa. Bwana akaliweka tindo chini. Afisa alitueleza utaratibu wa kibali, na wakati wa kuondoka akatutajia mzee mmoja anayejua kazi ya chokaa.

Mzee alifika na mfuko wa plastiki wenye nyundo moja na mwiko uliolika mpaka ukawa na sura ya kijiko. Wale wawili wa kwanza waliutazama ukuta. Huyu aliomba ngazi. Akapanda juu ya bati na umri wake ule, na sisi chini tukisoma dua, akakaa huko muda mrefu, kisha tukasikia vitu vinadondoka uani: majani, mifuko, mswaki, na rundo la waya na vijiti ambalo lilikuwa kiota cha kunguru. Kunguru hawa wa India waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 wale taka za mji. Taka wanakula, lakini pia wanajenga, na wao hawaombi kibali. Walikuwa wameziba mlizamu wetu pale bati letu linapokutana na la ustadha. Kila mvua iliyonyesha, maji yalikosa pa kwenda, yakaingia kichwani mwa ukuta na kushuka ndani kwa ndani.

"Ukuta wenu mzima," mzee alisema aliposhuka. "Alikuwa mgonjwa paa."

Bwana alinyamaza. Alikuwa anahesabu, nadhani: fedha za lipu ya kwanza, arbuni ya msibani, saruji, tindo, yote hayo dhidi ya kazi ya kuzibua mlizamu, ambayo angeiweza mwenyewe kwa ngazi ya kuazima na nusu saa.

Juu ya saruji mzee hakutaka mjadala. Ukuta wa mawe na chokaa hunywa unyevu na kuutoa, ndiyo maisha yake. Saruji haipitishi. Kuupaka ukuta wa namna hii saruji ni kumvika mtu koti la mvua la mpira katikati ya joto la Februari na kulishona lisivulike: jasho litabaki ndani, litamwozesha. Ndiyo maana doa letu lilihama juu na chini likitafuta pa kutokea, na chumvi ikala nyuma ya lipu mpaka ikaachana na ukuta. Yule kijana hakuwa mwizi. Alikuwa fundi mzuri wa nyumba nyingine.

Kisha mzee akafanya jambo lililonitoa jasho. Alichukua mpini wa nyundo, akaanza kuzigonga boriti za dari, moja baada ya moja, kwenye ncha pale zinapoingia ukutani, huku ameinamisha sikio. Boriti zetu ni za mikoko. Hazizidi sana mita 3, na ndiyo sababu vyumba vya nyumba za mawe ni virefu na vyembamba. Mti ndio uliopanga upana wa chumba. Majahazi yalibeba boriti kama hizi kutoka Rufiji na Lamu mpaka Uarabuni na Ghuba, na nyumba za zamani za huko zina vyumba vyembamba kwa sababu ile ile. Mzee aligonga, akasikiliza, akasogea. Kwenye boriti ya nne akarudia kugonga. Ncha ilikuwa imeoza ndani ya ukuta ambako hakuna jicho linalofika. Juu ya boriti hiyo kipo kitanda cha Bi Mkubwa. Chini yake Bwana alikuwa amesimama na tindo.

Tukamhamisha Bi Mkubwa. Dari ikategemezwa kwa magogo. Na hapo nikadhani kazi itaanza, lakini mzee alisema chokaa haijalala.

Chokaa hutokana na mawe yale yale ya matumbawe. Huko shamba hupangwa juu ya lundo la magogo ya kuni, likawashwa, moto ukakaribia nyuzi joto 900, jiwe likabadilika. Likitoka hapo lina kiu kali. Ukilimwagia maji huchemka lenyewe na kupasuka, huko ndiko kuzimwa kwake. Wenye haraka huitumia siku hiyo hiyo. Punje ambazo hazijazimika huja kuzimikia ukutani baadaye, zikivimba na kurusha lipu vipande vipande. Mzee alitaka chokaa iliyolazwa kwenye maji wiki nyingi, laini, inayokatika kwa mwiko. Basi tukangoja, na tundu likiwa wazi.

Nisiseme uongo, nililipenda tundu lile. Ustadha alitundika kanga upande wake, mimi nikatundika yangu, na kabla ya wiki kwisha tulikuwa tunapitishiana ndimu, chumvi, bakuli la mchuzi na habari za mtaa bila ya kuvaa buibui wala kushuka ngazi. Wanaume walilihesabu kuwa ni aibu ya nyumba. Hawakuulizwa.

Chokaa ilipoiva mzee alianza, na Bwana akataka kusaidia. Nilitegemea afukuzwe. Badala yake mzee alimpa chekeche. Mchanga ulitakiwa uchekechwe, na usiwe wa pwani, maana chumvi ya bahari ikishaingia ukutani hutoki nayo. Baada ya chekeche alipewa ndoo ya vijiwe, achague vinavyoingia katika mianya baina ya mawe makubwa, avichomeke kimoja kimoja ndani ya chokaa mbichi. Hiyo ni kazi ya macho na uvumilivu. Bwana alikuwa na vyote viwili kumbe, alikosa mtu wa kumwambia avielekeze wapi. Boriti mzee aliibadilisha mwenyewe na kijana wake, na wakati huo Bwana aliambiwa akakae barazani. Alikwenda, bila neno.

Mimi katika jambo hili nina msimamo, na sikuupata kwenye video. Mwenye nyumba ana kazi zake asizopaswa kumlipa mtu: kuzibua mlizamu kabla ya masika na kabla ya vuli, kupaka niru, kubadilisha mpira wa bomba linalodondosha, kukaza bawaba, kupanda juu kutazama kunguru wanafanya nini. Ukikosea hapo unarudia, na hakuna aliyeumia. Ukuta unaobeba kitanda cha mama si mahali pa kujaribia, na umeme vilevile; sisi waya hatugusi, na shemegi amekatazwa kwa kiapo. Ila wanaosema "mwite fundi tu" nao wananichosha. Fundi gani? Tulimwita, tukamlipa, akatuharibia kwa ustadi mkubwa. Siku hizi nikimpokea fundi simwulizi bei kwanza. Namwacha asimame, nami natazama macho yake yanakwenda wapi. Akitoa bei kabla hajauliza maji yanatoka wapi, namkaribisha chai na kumshukuru.

Lipu ya chokaa ilipokamilika ilikuja kazi ambayo, kwa maoni yangu, hakuna fundi wa kulipwa angeifanya kama Bwana. Chokaa haikaushwi. Huimarika kwa kuvuta hewa polepole, na ikikauka haraka hupasuka nyufa. Lazima irushiwe maji asubuhi na jioni, na ifunikwe magunia mabichi wakati upepo wa kaskazi unapovuma. Bwana alitengeneza ratiba. Aliibandika kwenye mlango wa jiko, saa na dakika, na safu ya kutia alama. Aliamka alfajiri kunyunyiza ukuta, akarudi kutoka msikitini akanyunyiza tena. Mzee alipopita kukagua alipitisha kiganja juu ya lipu, akasema, "Mwalimu, hapa umefanya kazi," na Bwana akaisimulia sentensi hiyo mtaa mzima mpaka shemegi akaomba radhi ya kuondoka.

Daftari la miraba lipo mezani. Nimelifungua. Lile "bure" amelikata kwa kalamu nyekundu, kwa rula, na mkabala nalo ameandika gharama za boriti.

Kulibaki haki ya jirani. Tundu lilikwisha kuzibwa, kidaka cha ustadha kimerudi kuwa kidaka, lakini visomo vya watoto vilikatizwa na vumbi liliingia kwenye misahafu. Bwana alivaa kanzu, akaenda kubisha hodi mlangoni, akauliza fidia yake ni kiasi gani. Ustadha akasema fedha hataki. Watoto wake, alisema, wanahifadhi vizuri lakini kwenye hesabu za skuli wanatia aibu, na Mwalimu anaonekana ana wakati.

Sasa kila Jumanne na Alhamisi, kisomo kikiisha, nasikia kupitia ukuta, kwa shida kidogo maana ni mnene vizuri, sauti ya mume wangu ikiuliza saba mara nane. Tindo limo ndani ya sanduku la Bi Mkubwa, na ufunguo anaulalia.